Gramu Sifuri

1

Mlio ulikuja kabla hajafumbua macho. Ulikuwa mmoja tu, mwembamba na mkavu, kama kijiko kilichogongwa mara moja kwenye ukingo wa glasi. Kibwana Shemdoe alibaki amelala chali, akautambua palepale: pipa la Bi Sikudhani, jirani wa ukuta mmoja. Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Bibi yule alikuwa hakosei saa, kumzidi hata jogoo wake, enzi zile alipokuwa na jogoo.

Kisha Mtaa wa Vinu wote ukaamka. Kwa fundi Mdachi pipa lilitoa milio miwili, na mtu akasonya. Kwa mwalimu Hiza lilikoroma, mkoromo mrefu wa nyani aliyekerwa, na mara sauti ya mke wake ikapanda juu ya ukuta ikiuliza ni nani katika nyumba hii aliyetupa nusu muhogo, na anadhani maji yatatoka wapi leo. Watu waliokuwa wakipiga mswaki barazani walicheka huku povu likiwatoka. Ndivyo mji wa Mvumoni ulivyokuwa siku hizi: ulisikiliza mapipa ya wenzako kabla hujasikiliza taarifa ya habari.

Mlio mmoja ulikuwa kijani, na nyumba ya kijani ilifunguliwa maji zamu ya kwanza, mabomba yakiwa bado na nguvu. Milio miwili ilikuwa manjano, zamu ya pili. Pipa likikoroma, wenye nyumba walijua watakinga maji saa tisa alasiri, yakitoka kwa matone kama machozi ya mtu anayejikaza.

Aliyeyafanya mapipa yaseme alikuwa Kibwana. Tovuti yake iliitwa Mizani. Alianza kuijenga akiwa na miaka kumi na tisa, kwa kompyuta kuukuu iliyokwisha kutupwa na wenyewe, bila mwalimu, bila cheti, kwa hasira na kichwa kisichokubali kushindwa. Sasa alikuwa na ishirini na sita, na kata nzima, nyumba mia sita na zaidi, ilipika kwa kuitazama tovuti yake. Jikoni palikuwa na kibao cha kupimia ambacho mchele na unga vilipita juu yake kabla ya kuingia sufuriani. Uani palikuwa na pipa lenye mizani kwenye kitako, na ndani ya mfuniko wake palifungwa pua: kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti, kinachonusa na kutofautisha ganda la ndizi na wali uliochacha. Vyote viwili viliipasha habari tovuti, nayo ikampa mpishi ushauri. Jana ulimwaga vikombe viwili vya ugali, leo punguza unga. Nyanya ulizonunua Jumatatu zitaoza kesho, zipike kwanza. Juu ya ukurasa wa mbele Kibwana alikuwa ameandika beti yake mwenyewe, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa:

Pima kabla hujapika,
Ona kinachomwagika,
Mji ukatakasika,
Mzigo uwe mwepesi.

Mzigo aliousema aliujua kwa jina. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mwaka wa masika yasiyokatika, jalala la Mvumoni liliporomoka likafukia watu thelathini na wanne waliokuwa wakiokota vyuma chini yake. Baba yake alikuwa wa tisa kutolewa. Watu walisema ameuawa na mvua. Kibwana hakulikubali neno hilo hata siku moja. Mvua ilikuja tu kusukuma. Baba yake aliuawa na nusu muhogo, na ukoko, na wali wa jana, na godoro la mtu asiyejulikana, na kila mmoja katika mji ule alitupa kidogo, na kwa kuwa ni kidogo, hakuna aliyeulizwa.

Asubuhi hiyo ya Ijumaa alifungua tovuti kabla ya kunawa uso. Ilikuwa siku ya kutangaza nyumba ya kwanza ya kata. Jumatatu wakuu wa mji wangetia saini, na Mizani ingekuwa sheria ya Mvumoni yote, kanuni zake zikafungwa, mtu yeyote asiweze kuzibadili kwa miaka mitano, hata aliyeziandika. Alisoma jina lililokuwa juu ya orodha, akatoka uani akitabasamu.

Mama yake, Bi Mwantumu, alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya ungo, anachambua mchele.

"Nyumba ya kwanza unaijua, mama? Mia na kumi na nane. Bi Sikudhani."

"Sikudhani wetu?"

"Gramu sifuri. Siku arobaini na saba mfululizo, na kila siku amefungua pipa."

Mama yake aliendelea kuchambua, akauliza kama hata ganda la kitunguu halikuonekana. Kibwana akasema hata ganda. Ndiyo maana yeye ni wa kwanza na wewe wa thelathini na mbili, akamtania. Mama hakucheka. Alitoa kijiwe, akakitupa, akakaa akiutazama ukuta uliowatenganisha na jirani.

"Bakuli langu la bluu liko kwake," alisema. "Tangu tulipoacha kumpelekea chakula. Halijarudi, na mwenyewe hajakanyaga hapa. Mimi nilidhani amenikasirikia."

2

Afisa Batilda Mgaya wa idara ya usafi alikuja saa nne akiwa na cheti kilichofungwa utepe. Alikuwa mwanamke mpana, mcheshi, na daima alivaa mabuti ya mpira, hata kanisani. Waliomjua walisema aliyavaa siku ile ya jalala, alipokuwa bado kijana mgeni kazini, akihesabu miili na kuifunika, na tangu siku hiyo hakuwahi kuamini ardhi aliyoikanyaga.

Yeye na Kibwana walimkuta Bi Sikudhani barazani, amejifunga khanga mpya yenye mikunjo ya sandukuni. Hakusimama. Kibwana akatoa shikamoo.

"Marahaba, mume wangu," alisema bibi. Alimwita hivyo tangu akiwa anatambaa, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu. Akamtazama Mgaya kuanzia chini. "Leo umeniletea mke mwenza mwenye mabuti. Huyu atanifukuza nyumbani."

Mgaya alicheka mpaka cheti kikamponyoka. Wakakaa. Mgaya alieleza sifa zote, nyumba mia sita, gramu sifuri, akamwomba bibi aseme siri yake ili watu wengine wajifunze.

"Nakula kwa kiasi," alisema Bi Sikudhani.

Mgaya aliliandika neno hilo kwa haraka, akasema litatundikwa mjini kote. Kibwana alikuwa anasubiri kitu, hata yeye hakujua ni nini, na kilipokuwa hakiji ndipo alipokitambua. Hawakuwa wamekaribishwa chochote. Katika maisha yake yote hakuwahi kutoka kwenye baraza ile mdomo ukiwa mkavu. Ukikosa chai kulikuwa na kashata, ukikosa kashata kulikuwa na kipande cha muwa, na ukikataa uliambiwa kwamba umekuwa bwana mkubwa siku hizi. Bibi alikuwa ameweka mikono yake mapajani, na bangili aliyozoea kuivaa kwenye kifundo cha mkono ilikuwa imepanda juu mpaka karibu na kiwiko.

Mgaya alitaka picha ya bibi na pipa. Bibi akasema pipa si bwana harusi, lipigwe picha ya nini, lakini Mgaya alikuwa tayari ameingia uani. Akafungua mfuniko. Mlio ukatoka, mmoja, mwembamba. Mgaya akainama, akavuta pumzi kama mtu anayenusa waridi, akasema pipa hili mtu anaweza kulala ndani yake.

Kibwana naye akainama. Pua ya pipa ilikuwa mahali pake, na juu yake ilikuwapo bado ile ngozi nyembamba ya rangi ya maziwa ambayo mafundi huiacha wanapofunga pua mpya. Aliichagua yeye mwenyewe, ya aina ya kuyeyuka. Unyevu wa taka ya kwanza ukiigusa, uwe wa jani moja la chai, ngozi inayeyuka na kazi inaanza. Pua mpya zilifungwa kata nzima siku arobaini na saba zilizopita. Ngozi hii ilikuwa nzima. Haikuwa na hata tundu la sindano.

Alisema ana kiu, akaenda jikoni kabla hajazuiwa. Majivu ya jiko yalikuwa yamegandamana kwa unyevu wa hewa, na buibui alikuwa amefunga nyuzi zake kutoka figa moja hadi lingine. Juu ya kibao cha kupimia, bakuli la bluu la mama yake, lenye pengo ukingoni, lilikuwa limeoshwa na kufunikwa kifudifudi.

Alipogeuka, Bi Sikudhani alikuwa mlangoni, ameshika fremu kwa mkono mmoja.

"Chombo cha watu hakirudishwi kitupu," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa natafuta cha kutia. Kwa hiyo, mume wangu, usiniaibishe mbele ya wageni."

Kibwana alirudi uani. Akasimama kando ya bibi, pipa katikati, akapigwa picha.

3

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu. Alifunga mlango, akafungua kumbukumbu za nyumba ya mia na kumi na nane. Kila mstari ulikuwa sawa na uliotangulia. Mfuniko umefunguliwa, saa kumi na mbili na dakika arobaini. Uzito, gramu sifuri. Mfuniko umefungwa. Mistari arobaini na saba, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua haina watu.

Bi Sikudhani hakuwa anatupa kitu. Alikuwa anafungua pipa ili lilie. Mtaa mzima ulisikia mlio wake kila asubuhi, na mtaa mzima ulifikiri: Sikudhani amekula, Sikudhani amefagia, Sikudhani hana shida.

Mizani ilitambua nyumba iliyofungwa: pipa lisipofunguliwa siku tano, tovuti iliandika kwamba mwenye nyumba amesafiri. Nyumba inayotupa taka ilipewa rangi yake. Lakini nyumba inayofungua pipa na kutotia kitu, Kibwana hakuwa amewahi kuiwazia isipokuwa kwa namna moja, yaani nyumba iliyofaulu. Kibao cha jikoni nacho kilikemea kilichozidi, si kilichokosekana; katika tovuti yake asiyepika alikuwa msafi kuliko wote.

Akaiamuru mashine itafute nyumba zote zenye mistari kama ile. Zikaja ishirini na tatu. Zote za kijani. Karibu zote zilikuwa na kinywa kimoja kilichosajiliwa, au viwili, na umri ulioandikwa pembeni ulikuwa sabini, themanini na mbili, sabini na sita. Nyumba mbili kati ya hizo zilikuwa zimeacha kufunguliwa, na tovuti ilikuwa imeandika kwamba wenyewe wamesafiri. Moja aliifahamu. Ilikuwa ya mzee Kiluwa, mshona viatu wa karibu na kisima. Mzee Kiluwa hakuwa amesafiri. Wiki tatu zilizopita Kibwana mwenyewe alilibeba jeneza lake, akashangaa lilivyokuwa jepesi, akadhani ni uzee.

Kanuni ya saba ilikuwa yake, neno kwa neno. Katika mwezi wa pili wa Mizani watu walikuwa wamegundua ujanja: taka haziendi pipani, zinawekwa kwenye bakuli, bakuli linafunikwa kawa, linatoka mlangoni kama zawadi ya jirani na kumwagwa mtaroni. Mitaro ikajaa wali. Kibwana aliwaka. Aliiandika kanuni ile kwa alasiri moja, akayapanga maneno yake kama anayepanga shairi, na ilipokwisha aliisoma kwa sauti peke yake, akajipenda: Chakula chochote kinachopikwa kupita vinywa vilivyosajiliwa ni taka ambayo bado haijafika pipani.

Tangu siku ile kibao cha jikoni kilimkoromea mpishi aliyezidisha kikombe kimoja cha mchele. Mitaro ikakauka. Taka za kata zikashuka kwa nusu, na watu wakamwita mhandisi. Na katika nyumba mia sita, bila mtu kukubaliana na mwenzake, mabakuli yakaacha kutoka. Mama yake alimwuliza mara moja tu, Sikudhani je? Naye akamjibu kwamba Bi Sikudhani anajipikia mwenyewe siku hizi, husikii pipa lake?

Alikaa akaitazama beti yake juu ya ukurasa. Kisha jambo moja likamjia.

Baba yake alipozikwa, mama hakuwasha moto. Nyumba yenye msiba haipiki, lakini msiba wa kawaida ni siku tatu, nne, na watu wanarudi makwao. Bi Sikudhani aliendelea. Siku arobaini alipitisha bakuli juu ya ukuta, mchana na jioni, maharage, mihogo ya nazi, siku nyingine uji mtupu, wala hakusema neno. Kibwana wa miaka kumi na mmoja alikula, akakua, akajifunza kusoma mashine.

Kwa kanuni ya saba, kila tonge lililomkuza lilikuwa taka.

4

Jumamosi asubuhi alimweleza Mgaya yote isipokuwa majina. Mgaya alisikiliza akiwa amesimama. Kibwana alipomaliza, afisa alikaa chini polepole, mabuti yakalia kwenye sakafu.

"Ishirini na tatu," alisema.

"Ishirini na wawili sasa. Na huenda ni ishirini na mmoja, yule wa pili sijampata."

Mgaya hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mazungumzo yale kuwa mazito. Hakumwambia anyamaze. Alifikiri, na kabla chai haijapoa alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri. Kila bakuli la mji libandikwe kibandiko cha kusomeka. Bakuli likitoka nyumba hii, tovuti iandike. Likifika nyumba ile, iandike. Likiliwa, kanuni ya saba isihesabu taka. Likienda mtaroni, pipa likorome. Wajanja watakamatwa na wenye njaa watakula. Juu ya hayo, alisema, mji utapata ramani kamili ya nani analishwa na nani, na idara ya ustawi itawaandikisha wote, iwapelekee unga kwenye gari kila Jumatano.

Kibwana alijua kwamba kibandiko kingefanya kazi. Angeweza kukiandikia maagizo yake kwa siku moja. Lakini kila kitu katika Mizani kilikuwa hadharani, ndiyo nguvu yake, watu walirekebishana kwa macho na masikio. Aliiona ramani ile kwenye ubao wa mtaa, mishale ikitoka nyumba hadi nyumba, na mishale yote ikiingia kwa Bi Sikudhani na hakuna hata mmoja unaotoka.

"Hawatakubali," alisema. "Wataendelea kufungua mapipa matupu."

"Basi iondoe kanuni. Funguo unazo mpaka Jumatatu." Mgaya alimwangalia bila ukali. "Lakini nikuulize, mwanangu. Shimo jipya la taka, tukiwa na kanuni ya saba, lina miaka sita kabla ya kujaa. Bila kanuni ya saba lina miaka miwili na nusu. Wewe ndiye uliyenipigia hesabu hiyo. Likijaa, zitarundikwa juu, na watu watarudi chini yake kuokota, kwa sababu watu huwa wanarudi. Mimi nilimfunika baba yako. Nilimfuta uso kwa maji ya chupa yangu. Wale watakaokuwa chini ya rundo hilo, utawaambia nini?"

Kibwana alikiweka chini kikombe cha chai. Aliinuka, akaaga kwa adabu. Mlangoni Mgaya alimwambia kwamba akiigusa kanuni hiyo itabidi aeleze mbele ya wakuu wote wa mji ni kwa nini, na ushahidi anao mmoja tu, majina ya watu wale.

5

Jumapili, saa tano na nusu, Bi Mwantumu alimwaga mchele kwenye kibao. Kikombe cha kwanza, cha pili. Wao walikuwa vinywa viwili. Alipomwaga cha tatu kibao kilitoa milio miwili. Akamwaga cha nne. Kibao kikakoroma, mkoromo mrefu, na kwa kuwa madirisha ya Mtaa wa Vinu yalikuwa wazi, kila mtu alisikia kwamba nyumba ya mhandisi mwenyewe imekoroma. Upande wa pili wa njia mwalimu Hiza aliuliza kwa sauti kama leo kuna harusi ambayo yeye hakualikwa.

Mama alishika kingo za kibao, akamtazama mwanawe.

"Maji tutapata saa tisa," alisema.

"Acha kilie, mama."

Alipika wali wa nazi na maharage, ule ule wa zamani. Kibwana alizunguka kwa mlango wa mbele na sahani iliyofunikwa kawa. Alipotokeza kwa Bi Sikudhani, mlango ulikuwa umeegeshwa tu, na bibi amekaa ndani ya kizingiti kama aliyekuwa akingoja.

"Nimesikia mlivyokoromewa," alisema. "Nikajua ni kwa ajili yangu. Rudisha."

Kibwana aliketi sakafuni, akaweka sahani kati yao, wala hakuisogeza kwake. Akamwuliza jambo moja, anaishi vipi. Bibi alicheka kidogo. Alisema misiba haipimwi. Kibwana aliandika hivyo kwenye kanuni zake, misiba na harusi hazipimwi, na yeye alisomewa. Basi amekwenda misiba yote ya kata, ya anaowajua na asiowajua, amelia kwa haki, amekula.

"Misiba imenilisha, mume wangu. Mji huu ukikaa wiki mbili bila kufa mtu, basi mimi ndiye nitakuwa msiba."

Kibwana alimweleza habari ya vibandiko, gari la Jumatano, kuandikishwa. Hakumficha kwamba ndiyo njia inayofaa kuliko zote. Bibi alisikiliza, kidole kikizungusha bangili iliyolegea.

"Nilipokuletea chakula mwaka ule," alisema mwishowe, "niliandika mahali?"

"Hapana, bibi."

"Kuna mtu aliyewaita nyinyi watu wa kulishwa?"

"Hapana."

"Basi."

Nje pipa moja lililia, likanyamaza. Kibwana alitoa simu yake, akaingia kwenye tovuti kwa mlango wa wajenzi, ambao yeye peke yake alikuwa na ufunguo wake mpaka kesho. Kanuni ya saba ilikuwa pale, nzuri, imepangika. Alijua kinachokuja baada yake. Wapo watakaojaza mabakuli taka na kuyaita zawadi. Mitaro itanuka tena. Shimo litajaa mapema. Hakuwa na hila ya kuzuia hayo yote bila kumwandika mtu, na kwa mara ya kwanza tangu alipoanza kujenga, alikubali kwamba kuna pengo katika kazi yake ambalo angelazimika kuliacha wazi na kulilinda kwa mikono. Akaifuta kanuni. Mashine ikauliza kama ana hakika. Akajibu kwamba anayo. Ikauliza sababu, kwa ajili ya wakuu wa mji, na palepale chini ikamwekea orodha ya nyumba ishirini na tatu, kama anataka kuiambatisha. Hakuiambatisha. Aliandika: Mwandishi wa kanuni alikosea.

Bi Sikudhani alikuwa ameinua kawa. Mvuke wa nazi ulimfika usoni, akafumba macho kitambo kirefu. Kisha akanawa, akala kwa mkono wa kulia, taratibu, tonge dogo dogo, bila pupa, kama mtu aliyekula jana na atakayekula kesho. Kibwana aliangalia pembeni, mlangoni, mpaka aliposikia sahani imewekwa chini.

Bibi akainuka kwa kushika ukuta. Alikwenda jikoni, akarudi na bakuli la bluu. Akatoka nje hadi kwenye kopo la bati lililokuwa kando ya ngazi, mrehani ukiwa umestawi humo hata bila kutunzwa, akachuma vishada, akavipanga ndani ya bakuli mpaka likajaa, harufu ikatanda barazani.

"Mpelekee mama yako. Mwambie Sikudhani hajakasirika." Alilishikilia bakuli kidogo kabla hajaliachia. "Na kesho, wakikuuliza ni nani aliyekutia maneno haya, utasema nani?"

Kibwana alilipokea kwa mikono miwili.

"Nakuahidi, bibi," alisema. "Kesho nitasimama mbele yao wote niseme kanuni niliiandika mimi na nilikosea mimi. Jina lako halitatoka kinywani mwangu, wala la yeyote kati ya wenzako. Na jalala likianza kupanda tena, nitashika chepe nilishushe mwenyewe, siku baada ya siku, lakini bakuli la mtu sitalizuia tena."